Fulana za Shukrani

Fulana zilikuwa nyeupe, na kifuani mwa kila moja ulichapishwa uso wa mjukuu wangu. Zililetwa nyumbani kwangu ndani ya katoni, siku mbili kabla ya Krismasi, na mwanangu mkubwa akazigawa sebuleni kama mtu anayegawa sare za kwaya. Chini ya uso wa mtoto yaliandikwa maneno ya kumshukuru Mungu, na mgongoni jina la ukoo wetu kwa herufi ambazo mtu angeweza kuzisoma akiwa ng'ambo ya Jogoo Road. Yangu niliikunja nikaiweka juu ya kiti. Nilisema siwezi kuvaa uso wa mtu aliye hai, aliyeketi mbele yangu akichovya mkate kwenye chai.

"Baba, hata leo?" mwanangu akalalamika. "Leo tunarudisha shukrani kama familia."

Mpango ulikuwa wake. Ana duka la vifaa vya ujenzi Njiru, na ni mzee wa kanisa. Alikuwa amenunua unga, sukari na mafuta ya kupikia kwa ajili ya makao ya watoto yaliyo karibu na duka lake. Alikuwa pia amemkodi mpiga picha. Tungefika, tungekabidhi, tungepigwa picha, kisha tungeingia barabarani kwenda Ukambani kwa sikukuu.

Sina ugomvi na unga. Lakini ni lazima nieleze walikuwa wakishukuru kwa nini, kwa sababu asubuhi ile hakuna hata mmoja aliyelitaja jambo lenyewe.

Mjukuu huyo ni binti wa mwanangu wa pili, ambaye ni dereva wa lori la kiwanda kimoja cha Industrial Area. Likizo ya Agosti mtoto alipelekwa kwa nyanya yake mzaa mama, upande wa ziwa, akarudi na malaria. Nyumbani walidhani ni homa ya safari. Alipofikishwa hospitalini viganja vyake vilikuwa vyeupe kama vimepakwa unga, na daktari akasema ugonjwa umeiharibu damu yake. Ilibidi aongezewe siku ile ile. Damu ya kundi lake haikuwepo. Sista wa wodi alinieleza sababu, naye alikuwa akisema anachokijua kwa kazi yake: damu nyingi hutolewa na wanafunzi wa sekondari, kwa hiyo shule zikifungwa stoo hukauka.

Nilijitolea mimi kwanza. Sista aliniuliza umri, akacheka kwa heshima, akasema, "Mzee, wewe keti utuombee." Baba yake mtoto alikuwa mpakani Malaba na lori. Mama yake alikuwa akinyonyesha kitoto kichanga, wakamkataza. Basi niliketi kwenye benchi, nikapiga simu kwa watu wa damu yangu. Mwanangu mkubwa alisema anapokea mzigo wa saruji. Mpwa wangu, ambaye hana mzigo wowote wa kupokea duniani, alisema amemeza dawa ya minyoo. Wengine waliahidi kunipigia, na simu haikulia.

Mimi sisemi kwa sauti ya chini. Mama mmoja wa kitanda cha pili, mkazi wa Majengo anayeuza mandazi, alisikia yote. Binti yake alizaliwa na ugonjwa unaovunja chembe za damu, na hukaa hai kwa damu za watu. Mama huyo alisimama, akajifunga leso upya kiunoni, akamwambia sista:

"Si mliniambia damu yangu inamfaa kila mtu? Wangu wiki hii keshawekewa. Huyu mtoto wa mzee anangoja nini?"

Nilimfuata hadi mlangoni mwa chumba cha kutolea damu. Nilimwona akilala. Niliuona mfuko ukijaa. Ulipimwa, ukaletwa wodini, ukaingia mwilini mwa mjukuu wangu, na kabla ya giza midomo yake ilikuwa imerudiwa na rangi. Nilimwambia mama yule kwamba siku mtoto wake atakapohitaji, jamaa yangu yote itakuja. Alisema, "Inshallah, baba," akaenda kumbadilisha binti yake shuka.

Haya yote niliwasimulia mezani kwangu, zaidi ya mara moja. Walitikisa vichwa. Kisha Desemba wakachapisha fulana.

Simu ya mama wa Majengo ilikuja wakiwa wamekwisha kuvaa, wanabishana nani apande gari lipi.

"Shikamoo, baba. Samahani kukusumbua na sikukuu hii."

"Marahaba. Sema, mama."

"Mtoto amelazwa tangu Jumatatu. Damu imeshuka sana. Mimi nilitoa juzijuzi, hawanikubalii tena. Wanasema stoo hamna kitu, shule zimefungwa."

Agosti hakuitaja. Kama angeitaja ningestahimili zaidi.

Nilikata simu nikasimama. Nikawaambia kwamba unga hauozi, na kwamba magari yote mawili yanakwenda hospitalini sasa hivi.

Nilifanya kazi ya ukarani mahakamani kwa muda mrefu wa maisha yangu. Nimesikia watu wakiapa kwa Biblia na kwa Kurani kisha wakaeleza mambo waliyoyapata kinyozini. Sikutarajia kuyasikia sebuleni kwangu.

"Baba," mwanangu mkubwa alianza, kwa ile sauti anayotumia kuombea sadaka, "nia ni njema. Lakini hiyo damu huuzwa."

"Nani aliuziwa?"

"Watu wanasema."

"Watu gani?"

"Baba, ni jambo linajulikana."

"Linajulikana na nani? Mtaje mmoja. Binamu yako pale? Wewe umewahi kununua damu?"

"Mimi hapana, Anko," mpwa wangu akajibu. "Lakini kuna msee wa base yetu pale mtaani alitoa, akaanza kuzimia kwa ngazi."

"Ulimwona akizimia?"

"Niliambiwa na beshte yake."

"Na huyo rafiki alimwona?"

Akakuna kichwa. "Yeye pia aliskia. Lakini, Anko, si ungeangalia hata hii body yangu? Wakitoa pinti moja nitabaki ngozi na fulana."

Wengine wakacheka. Mimi sikucheka. Nilimwita mjukuu wangu, nikamsimamisha katikati ya chumba na mkate wake mkononi. Nikauliza kama kuna anayeweza kunieleza damu iliyomo ndani ya mtoto huyu ilinunuliwa duka gani.

Mama yake akaanza kulia. Mwanangu wa pili, dereva, ambaye maneno yake huwa machache, alichukua funguo mezani akasema, "Mimi natangulia. Anayekuja aje, anayebaki abaki na unga."

Wote wakaja. Nadhani walikuja kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kubaki.

Kijana aliyekuwa kwenye meza ya chumba cha damu alitutazama tukiingia, watu wazima tisa waliovaa sura moja, akauliza, "Huyu mheshimiwa anagombea kiti gani? Ama mmekuja kampeni mapema?" Mjukuu wangu, ambaye hajui kampeni ni nini, alijificha nyuma ya koti langu. Nilimweleza kijana shida iliyotuleta na jina la mtoto aliyelazwa. Uso wake ukabadilika. Akasema kundi lolote litasaidia, kwa kuwa wataweza kubadilishana na hospitali nyingine. Kisha akauliza nani anaanza.

Dereva akaanza. Alipimwa, akalala, akakunja ngumi na kuikunjua kama alivyoagizwa, macho yakiwa darini. Mke wa mwanangu mkubwa alikuwa ameketi, mkoba mapajani. Aliinuka.

"Unaenda wapi?" mumewe akamuuliza.

"Shika mkoba wangu."

"Si tuongee kwanza?"

"Tumeongea tangu Agosti. Shika."

Akaushika. Mpwa wangu alipoona mwanamke amekwenda aliinuka pia, akinung'unika kwamba akifa azikwe na soda mkononi. Alipimwa akakutwa na damu ya kutosha kabisa. Kijana wa meza alimwambia damu yake ni nzito kuliko maneno yake. Binamu wawili wa wanangu walikataliwa kwa sababu za kweli, zilizoandikwa na mtaalamu, nami nikaziheshimu. Wengine walianza kuulizana habari za ndugu waliopatwa na kizunguzungu. Mwanangu mkubwa, mwenye kifua kipana kuliko wote na uso wa mtoto umenyooka juu yake kama bango, alisimama kwenye ujia na mkoba wa mkewe, akiongea kwa simu. Alikuwa akimwelekeza mpiga picha aje hospitalini badala ya Njiru.

Na mpiga picha akaja. Waliotoa walitoka na plasta mikononi na biskuti, mpwa wangu na soda pia, wakapangwa ukutani. Mwanangu mkubwa akasimama katikati, mjukuu wangu mbele yake, mikono yake juu ya mabega ya mtoto. Niliitwa; sikwenda.

Ndipo mama wa Majengo akaja kutoka wodini. Alikuwa amekonda tangu nilipomwona mwisho, na leso yake ilikuwa na madoa ya dawa. Alitafuta kwa macho wa kumshukuru, na kwa kawaida ya watu akamwendea mkubwa wa mwili aliyesimama katikati. Akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akainama.

"Mwanangu, Mungu akulipe. Akupe afya. Akuzidishie ulipotoa."

Kamera ilikuwa ikilia. Nilimtazama mwanangu. Nilimpa nafasi, nilingoja atamke neno lolote, hata amwelekeze mkewe kwa kidole. Aliinamisha kichwa kidogo, kama afanyavyo kanisani wakimsifu, akasema, "Amina, mama. Ni wajibu wetu."

"Mama," nikasema, "huyo hakutoa."

Mama yule aliuachia mkono polepole, akanitazama mimi, kisha akautazama mkono ule kama anautafutia plasta.

"Waliotoa ni huyu, na huyu, na yule mwenye soda. Huyo uliyemshika alikuwa ameshika mkoba."

"Baba!" mwanangu akasema. "Mbele za watu?"

"Ulipokea mbele za watu."

Mke wake akachukua mkoba wake kutoka begani kwa mumewe. Mpiga picha akajifanya anafuta lenzi. Mama wa Majengo, ambaye ndiye pekee aliyekuwa na haki ya kukasirika pale, alisema taratibu, "Basi, baba, basi. Waliotoa wametoa." Lakini mimi sikuwa nimemaliza. Nilimwambia mwanangu avue fulana ile, kwa sababu uso ulio juu yake ulipona kwa mkono wa mtu mwingine, na yeye hakuwa na ruhusa ya kuutembeza. Hakuivua. Alitoka nje, tukasikia mlango wa gari.

Unga ulifika Njiru mchana ule. Nimeiona picha, kwa hiyo ninajua. Kutoka huko wakaenda Ukambani. Mimi nilibaki.

Siku iliyofuata nilikwenda wodini. Binti wa mama wa Majengo alikuwa amelala, na damu ilikuwa ikidondoka kutoka kwenye mfuko juu ya kitanda chake. Nilimuuliza sista kama ni wetu. Akasema hajui, mifuko ilibadilishwa, na kwamba haijalishi. Ni kweli, haijalishi. Kisha akanivuta kando akaniambia kilichopo kinatosha kwa siku chache tu. Mtoto angehitaji tena kabla ya mwaka mpya, na stoo ilikuwa tupu kama ilivyokuwa.

Nilimpigia mwanangu pale pale. Nyuma yake nilisikia watu, mbuzi na nyimbo.

"Sikukuu ikiisha, uje hapa moja kwa moja," nikamwambia. "Wamebakiza siku chache."

"Baba, uliniaibisha."

"Hilo tutalizungumza ukiwa umelala na sindano mkononi."

Nyimbo zikafifia, nadhani alikuwa akitembea kwenda mbali na wengine.

"Na wakinipima wakanipata na kitu?" akasema.

Katika habari hii nzima, tangu Agosti, hilo lilikuwa neno lake la kwanza ambalo hakuliazima kwa watu. Saruji haikuwa sababu, na wauza damu hawakuwa sababu. Mtu wa miaka hamsini, mwenye duka na kiti cha mbele kanisani, alikuwa akiogopa tone moja kwenye kidole, na kwa hofu hiyo alikuwa tayari kumwacha mtoto wa mtu apauke. Huenda baba mwingine angelainika. Mimi nilizidi kukasirika, kwa kuwa sasa nilijua ninachokikasirikia.

"Wakikupata na kitu, utatibiwa," nikasema. "Huyu hapa hana dawa nyingine. Njoo."

Alikuja siku ya tatu baada ya Krismasi, asubuhi, akiwa na shati la kawaida. Hakunisalimu. Mkewe alikuwa naye. Niliketi kwenye ujia nikamwona akiandikwa, akitobolewa kidole, akingoja matokeo huku amekodoa macho sakafuni kama mshtakiwa. Kijana wa meza alisoma karatasi, akamwambia kitu ambacho sikukisikia, akamwonyesha kitanda. Mwanangu akakunja mkono wa shati.

Alipotoka na plasta yake alisimama mbele yangu, akingoja niseme neno. Nilimwonyesha mlango wa wodi, nikamwambia mama yuko ndani, na kwamba safari hii akishikwa mkono anaweza kuuacha ushikwe.

Aliingia. Mimi nikarudi kwenye simu yangu, kwa sababu bado kulikuwa na binamu wawili wenye fulana ambao hawajatoa, na mwaka mpya ulikuwa karibu.