Anayeshuka ni Baba

Baba alichimba dhahabu Nyamongo tangu nikiwa mdogo. Mshipa wa moyo wake ulipoziba pale unapogawanyika, daktari alishauri awekewe stenti, kibomba cha wavu wa chuma cha kuutanua. Chuoni nilikuwa nikijaribu stenti kama hizo kwenye kompyuta, hivyo Baba akataka nimwonyeshe. Kwenye skrini damu ilipita vizuri katika matawi yote mawili.

“Huu ni moyo wangu?”

“Hapana, Baba. Ni wa kukadiria.”

“Kwetu shimoni, aliyesimamisha magogo ya kuzuia udongo usiporomoke ndiye hutangulia kushuka. Wewe umesimamisha, ila anayeshuka ni mimi.” Akacheka. “Haya, niende nisiende?”

Mimi ninayebishia kila kitu nilimwambia aende. Alikubali papo hapo, bila swali jingine, na hilo ndilo lililoniogopesha.