Mvi za Kubakiza

Msusi wetu hafichi mvi, anazichanganya tu na nyeusi. Rangi yake ni ile inayotoka ukishaosha nywele mara sita au saba, naye huipaka kwa mswaki mkuukuu, taratibu, ncha ya ulimi ikichungulia pembeni mwa mdomo. Kwanza huijaribu mgongoni mwa mkono wake, ndiyo maana mikono yake ina madoa kama chui. Na neno mvi hulitaja kwa sauti ya chini, kama vile zenyewe zinasikia. Juzi jirani yangu mwenye wajukuu alitaka zimalizwe zote. Msusi akambakizia shungi dogo juu ya paji.

"Zikipotea zote, mama, watu watauliza umepaka nini. Zikipungua, watasema siku hizi unalala vizuri."

Jirani aliondoka amenuna. Leo mlango haujafunguka sawasawa, wifi yake keshakaa kitini, kilemba mkononi. Msusi akamuuliza anataka rangi gani.

"Rangi ya nini? Mimi nataka kulala tu, kama wifi yangu anavyolala siku hizi."

Msusi hakucheka hata kidogo. Alimfunika taulo mabegani, akachovya mswaki, akamwinamia sikioni.

"Usingizi mzito, mama, au wa kiasi?"