Mistari Iliyolegea

Mtaani walimwita Kaza, na jina hilo hakupewa bure. Ukisukwa naye, siku mbili za kwanza unalala kifudifudi huku nyusi zimepanda juu kama za mtu aliyeletewa habari za kushtua. Ukilalamika, anakuuliza ulikuja kusukwa au kubembelezwa. Wateja walimsema hadi mlangoni, kisha wakarudi, kwa sababu mistari yake ilidumu.

Presha alikuwa nayo. Dawa alipewa, akazimeza hadi alipojisikia mzima, ndipo akazisukumia kabatini nyuma ya chupa za mafuta ya nywele. Kosa lilianzia hapo, ingawa siku ile hakuna aliyelikumbuka.

Siku yenyewe alikuwa anamsuka wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke mwenye mdomo mwepesi na kichwa kigumu. Ndiye peke yake aliyeweza kukaa kwenye kiti cha Kaza bila kuguna. Yalikuwa mashindano yao ya miaka: mmoja anavuta, mwingine anajikausha.

Mkono wa kulia wa Kaza ukaanza kufa ganzi. Msusi gani hajawahi kufa ganzi vidole? Msusi mwenzake wa kiti cha pili pale saluni akafanya kile wanachofanyiana siku zote: akapasha mafuta, akamkanda kuanzia kiwiko hadi kucha, akamwambia apumzike kidogo. Soga zikaendelea, muda ukayoyoma. Kaza aliuona mkono wake ukikandwa lakini hakuusikia, akajisemea kwamba ni uchovu tu.

Wifi alikuwa anatazama kioo. Humo aliuona mdomo wa Kaza umeshuka upande mmoja. Akadhani kioo kina kasoro, akageuka. Mdomo ulikuwa vilevile. Akamtaka ainue mikono yote miwili: wa kushoto ukapanda, wa kulia ukafika njiani ukaangukia mapajani. Akamtaka ataje jina la mumewe, na Kaza, aliyekuwa na maneno ya kugawia mtaa mzima, akatoa sauti nzito isiyo na kichwa wala miguu. Msusi mwenzake akashauri alale kwanza, huenda akiamka atakuwa sawa.

"Halali mtu hapa," wifi akasema. "Hiki ni kiharusi. Nilifundishwa kliniki dalili zake. Ita teksi."

Hospitalini Kaza alilala kwenye kitanda cha magurudumu akisikia kila kitu. Picha ya kichwa ilionyesha kwamba hakuna damu iliyovuja. Daktari akaeleza kuwa mshipa umezibwa na bonge la damu, na sehemu ya ubongo inakosa damu ya kuilisha. Ipo dawa ya kuliyeyusha bonge hilo, ila hutolewa katika saa chache za mwanzo tu. Zikipita, hatari yake huzidi faida. Je, mgonjwa alikuwa mzima mara ya mwisho saa ngapi? Msusi mwenzake hakujua. Ganzi walishaizoea, nani angetazama saa? Kaza akajaribu kusema, ulimi ukagoma. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani, na hakuogopa kifo, aliuogopea ule mkono.

Wifi akavua kitambaa alichojifunga kichwani. Akapapasa kichwa chake mstari kwa mstari, kuanzia kwenye paji la uso.

"Huu umekaza. Huu umekaza. Huu nao." Kidole kikafika nyuma ya sikio, kikasimama. "Huu umelegea. Daktari, alipoushika huu, redio ilikuwa inaanza taarifa ya habari ya saa sita. Kabla ya hapo alikuwa mzima, maana nilikuwa naumia."

Maisha yake yote, hakuna aliyewahi kusema kwamba mstari wa Kaza umelegea. Daktari akatazama saa ya ukutani. Muda ulikuwa bado upo, akaagiza dawa.

Dawa iliokoa mengi, haikuokoa yote. Maneno yalirudi taratibu, mguu ukabaki kuburuta kidogo, vidole vikawa vizito. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimweleza kwamba sehemu ya ubongo iliyokufa haifufuki, ila sehemu nyingine hujifunza kazi yake, na hujifunza kwa kurudia na kurudia. Basi Kaza akaokota maharage moja moja, akakamua sponji, akasuka nyuzi za sufu zilizofungwa kwenye mgongo wa kiti. Dawa za presha zikahamia mezani, mbele ya macho ya mumewe. Kuna siku aliitupa sponji ukutani, akasema mkono huu ni wa maiti, akalia. Wifi alimwacha alie mpaka amalize, kisha akaketi kwenye kigoda mbele yake na kumpa chanuo.

Ikawa hivyo kila Jumapili. Mistari ilitoka kama njia za mbuzi. Kaza akiuliza kama imekaza, wifi, mwongo mkubwa, anajibu imekaza sana, kisha anatoka nayo barabarani bila kitambaa. Anayetaka kucheka shauri yake. Kaza hakudanganyika. Vidole vyake vilijua.

Jumapili moja hakuuliza kitu, alishachoka kudanganywa. Akagawa nywele, akashika, akavuta. Bega la wifi likaruka.

"Wifi," akasema polepole, "unaniumiza."

Kaza akasimamisha mkono. Machozi yakamdondokea wifi utosini, na hakuna aliyeyafuta.

"Kwani ulikuja kusukwa au kubembelezwa?" akauliza, akavuta tena.