Siku Baiskeli ya Betri Ilipokubali Kuwaka

Aibu niliyoipata pale Kirumba, mbele ya mama yangu mzazi na akina mama wenzake wa kanisani waliovaa vitenge vya sare, sidhani kama imewahi kumpata fundi mwingine wa mji huu, na nawaambia mapema ili mkicheka mjue kwamba mwenyewe nilishacheka kabla yenu. Ila bakizeni kicheko kidogo, maana katika mikasa yangu yote huu ndio ninaopenda kuusimulia.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa, vitu vinaingia Mwanza kutoka Dubai na Japani, vingine hata wanaoviuza hawajui ni vya kazi gani. Mimi nilikuwa fundi redio, tena mwanamke (wateja wageni walikuwa wakifika mezani kwangu wananiuliza fundi yuko wapi, nawaambia ametoka kidogo, nafungua redio yao, naitengeneza, halafu nawaambia haya, fundi amerudi). Nilikuwa na meza moja tu kwenye kibaraza cha duka la nguo, na mvua ya ziwani ikija bila hodi nilikuwa nakimbia na redio za watu kifuani kama mtu anayeokoa watoto.

Jirani yangu alikuwa Mzee Hamisi, muuzaji wa baiskeli za mitumba. Siku moja akaniita.

"Shikamoo, Mzee Hamisi."

"Marahaba, binti. Wewe si unajua mambo ya umeme? Njoo uone kitu kilichoniumiza kichwa."

Katika shehena yake kulikuwa na baiskeli moja ya milimani, ya Kijapani, magurudumu manene yenye meno, na katikati ya fremu kuna sanduku jeusi la betri, na kwenye kitovu cha gurudumu la nyuma kuna mota iliyonona kama boga. Usukani una kitu cha kuzungusha upande wa kulia, kama akseleta ya pikipiki. Kila aliyeijaribu ilimkatalia. Masanja, fundi baiskeli wa pale jirani, alikuwa ameshapendekeza mota ing'olewe na baiskeli iuzwe kama baiskeli za watu wengine.

"Nikiiwasha?" nikauliza.

Mzee Hamisi alifikiri. Alikuwa mtu wa maneno machache, na neno lake akishalitoa halirudi. "Ukiishusha hadi mwaloni, kule wavuvi wanakoshushia samaki, na ukaipandisha mpaka hapa dukani bila kukanyaga pedali, watu wakiona kwa macho yao, chumba changu cha mbele ni chako. Ufanyie kazi humo."

Chumba chenye paa, mlango wa kufunga na soketi ukutani. Jamani, nikabaki naishikashika ile baiskeli kama naipima joto.

Basi nikaichukua. Nilifungua sanduku nikakuta betri mbili zimekufa njaa, nikazipeleka wanapochaji betri za magari zikachajiwa moja moja, nikasugua kutu kwenye viungo vya waya, na jioni moja nikaining'iniza baiskeli kwenye kamba uani, nikageuza ufunguo, taa ndogo nyekundu ikawaka, nikazungusha akseleta, na gurudumu la nyuma likazunguka lenyewe, likivuma kama nyuki. Nilikaa chini nikacheka peke yangu. Siku hiyo ningekutana hata na mkuu wa mkoa ningempa mkono bila kusubiri anipe yeye.

Habari hiyo nikamtumia mama, kule Nansio, kisiwani Ukerewe. Mama yangu hana kipimo katika kunisifu. Nilipopata cheti cha ufundi aliwaambia watu Ukerewe nzima kwamba natengeneza mpaka radi, na sasa aliposikia habari za baiskeli akawakusanya wenzake wa kanisani wakapanda meli pamoja, na njiani (haya niliambiwa baadaye) akawaeleza kwamba binti yake Adela ametengeneza baiskeli inayokwenda kwa mawazo.

Siku yenyewe ikawa Jumamosi. Na hapo asubuhi ndipo nilipofanya lile jambo dogo lililozaa mengine yote: niliamua kuipendezesha. Nilitazama vumbi la safari lililokuwa bado kwenye fremu nikaona mama hawezi kuja kutoka kisiwani kuona kitu kichafu, nikachukua ndoo, sabuni ya unga na dodoki, nikaiogesha kuanzia usukani hadi tairi, maji nikiyamwaga juu kwa kopo kama namwogesha mtoto, kisha nikakausha na kupaka rimu zote mbili mafuta ya kujipaka ili zing'ae. Ziling'aa kweli. Hakuna kitu kilichong'aa Kirumba siku ile kama baiskeli yangu, labda mimi mwenyewe, maana nilivaa kitenge kipya.

Alasiri watu wakajaa mbele ya duka. Wafanyabiashara wenzake Mzee Hamisi walikuwapo, akina mama wa Nansio walikuwapo na sare zao, Masanja alikuwapo amekunja mikono. Mama alisimama mbele kabisa. Nikapanda, nikawapungia watu mkono (sijui nani alinituma), nikageuza ufunguo.

Kimya. Taa haikuwaka.

Nikageuza tena. Kimya kile kile, isipokuwa mtu mmoja nyuma aliyekohoa.

"Labda bado inawaza," alisema Masanja.

Nikashuka nikiwa na tabasamu la mtu anayejua anachokifanya, nikatoa mita yangu na bisibisi. Nikapima betri, zina moto wa kutosha. Nikasema basi tatizo ni breki, kwa sababu baiskeli zile zina swichi ndani ya breki inayokata mota ukibana, na nikadhani imekwama, nikazitenganisha waya zake. Haikuwaka. Nikasema basi ni akseleta, nikaifungua, na kispringi cha ndani, kile kinachoirudisha ukiiachia, kikaruka tii kikapotelea kwenye majani. Tulikitafuta, mimi na akina mama wawili tumeinama kwa sare zao, hatukukiona. Nikaifunga akseleta bila kispringi, nikiwaambia watu kwamba hakina umuhimu sana. Nao waliniamini, na hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo.

Jasho lilikuwa linanitiririka. Watu walianza kuzungumza habari zao. Mfanyabiashara mmoja aliaga. Nikamsikia mama akiwaambia wenzake kwa sauti ya kujiamini, "Huwa anaanza hivi hivi. Anaipima kwanza."

Nilipoinama chini ya sanduku la betri nikaona tone la maji linaning'inia. Nikaelewa yote kwa mara moja. Maji niliyoimwagia yameingia kwenye kitako cha fyuzi, yamepiga shoti nilipogeuza ufunguo mara ya kwanza, na fyuzi imeungua. Nikaichomoa, nikaitazama kwenye mwanga: nyeusi kama mbegu ya papai. Nikapakausha mahali pale kwa pindo la kitenge kipya, na kwa kuwa sikuwa na fyuzi nyingine nikachuna unywele wa waya wa shaba nikaufunga badala yake, kama tunavyofanya sote mafundi wa meza. Nikapanda. Nikageuza ufunguo.

Taa nyekundu ikawaka.

Sasa nisikilizeni vizuri. Breki yangu haikuwa tena na uwezo wa kukata mota, kwa sababu nilitenganisha waya. Akseleta yangu haikuwa na kispringi cha kuirudisha, na nilipoifunga niliifunga ikiwa imezungushwa hadi mwisho. Rimu zangu zilikuwa zimepakwa mafuta. Na mbele yangu palikuwa na mteremko wa kwenda mwaloni. Taa ilipowaka watu walishangilia, na kabla shangwe haijaisha mimi sikuwa tena pale.

Ilitoka kama mbuzi aliyekata kamba, ikaupata mteremko, nikabana breki, breki zikateleza kwenye yale mafuta yangu mazuri zikilia kama paka, nikazungusha akseleta kurudi nyuma ikanizungukia tupu mkononi, ufunguo uko chini kwenye sanduku katikati ya miguu na kuufikia lazima niachie usukani, na kuuachia siwezi kwa sababu njia ina mawe, kuna mzee anavuka na kondoo, kuna mwenye mkokoteni wa magunia, na nyuma yangu nasikia sauti ya mama akiwaambia watu, "Si mnaona? Si mnaona hakanyagi?"

Chini kabisa, kando ya maji, palikuwa na vichanja vya mapanki. Ninyi mliokuwapo mnayajua mapanki, yale mabaki ya sangara, kichwa na mifupa, viwanda vikishachukua minofu ya kupeleka Ulaya. Mama mmoja anayeitwa Mama Kulwa alikuwa ameanika yake yamepangwa vizuri juu ya fito. Niliingia katikati ya kichanja chake. Baiskeli ilinaswa na fito ikabaki palepale, mimi nikaendelea mbele, nikapita juu ya usukani nikaenda kukaa ziwani, maji yakanifika kifuani, na kichwa cha sangara kimetulia begani kwangu kama ndege.

Mama Kulwa alinitazama. Akaitazama baiskeli, ambayo gurudumu lake la nyuma lilikuwa bado linazunguka hewani.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Umeumia?"

"Sijaumia."

"Basi toka humo uniokotee samaki wangu."

Nikatoka, nikazima ufunguo, nikaanza kuokota. Watu wote wa pale dukani walikuwa wameshashuka mbio, na niwaambie ukweli, nilitamani ziwa linirudishe. Kitenge kimenigandia, nanuka sangara, na Mzee Hamisi amesimama ananiangalia. Masanja akasema, kwa upole kabisa, "Mota ile ing'olewe tu, dada."

Mama alifika anahema. Nilidhani atanipa pole. Akawageukia watu wote.

"Imewaka au haikuwaka?"

Masanja alikuna kichwa.

"Nauliza. Nani aliisukuma? Alikanyaga pedali? Imewaka, imekimbia, imeshuka mpaka majini. Sasa atapanda nayo. Adela, panda."

Akina mama wenzake wakaitikia kwa vigelegele, nami nilipomwangalia usoni nikaona hajaona aibu hata chembe. Alikuwa ananiangalia vile vile alivyoniangalia siku ya cheti. Basi nikaona kama yeye haoni aibu, mimi naiona kwa niaba ya nani?

Nikakaa mchangani kwenye ule unyevu wangu, nikaanza kuifikiria mashine na kuusahau umati, jambo ambalo ningelifanya mapema tusingefika huku. Nilirudisha waya za breki mahali pake. Nikasugua rimu kwa mchanga na majivu mpaka mafuta yakaisha. Mama Kulwa akanikatia kipande cha mpira wa tyubu aliokuwa akifungia fito zake, nikakifunga kwenye akseleta badala ya kispringi, nikaizungusha na kuiachia, ikarudi yenyewe. Kuhusu fyuzi, Mzee Hamisi alinisaidia mwenyewe. Alipanda dukani taratibu, akarudi na fyuzi aliyoichomoa kwenye gari lake mwenyewe, akaniwekea kiganjani. Safari hii niliinua gurudumu kwanza nikajaribu. Likazunguka. Nikabana breki, likasimama.

Nikapanda. Miguu niliinyoosha pembeni, mbali na pedali, ili kila mwenye macho aone. Baiskeli ikaanza kuukwea ule mlima polepole, ikiguna, Masanja akitembea kando yangu ameinama anaangalia miguu, akina mama nyuma wakiimba. Katikati pana mahali ambapo njia inasimama kama ukuta. Pale mota ilipunguza sauti, ikapunguza tena, na mguu wangu wa kulia ukaanza kuiendea pedali wenyewe, maana nilihisi kabisa kwamba tunarudi nyuma.

"Usikanyage," alisema mama.

Nikalaza kifua juu ya usukani. Baiskeli ikatetemeka, ikasimama karibu kabisa, ikasogea kidogo, ikasogea tena, kisha ukuta ukaisha nasi tukapanda hadi mbele ya duka, mimi nikidondosha maji, na nyuma yetu msafara wa watu na harufu ya sangara. Nilipozima ufunguo Masanja alinyoosha mgongo akawaambia watu, "Hakugusa." Hilo neno moja kutoka kwake lilinitosha kuliko shangwe zote.

Mzee Hamisi alinikabidhi chumba siku ile ile. Kichanja cha Mama Kulwa nilikijenga upya kwa mikono yangu, na redio yake ikiharibika huwa naitengeneza kabla ya za wateja wote, wala simdai malipo.

Nimejifunza, ndiyo. Kitu chenye waya sikiogeshi tena hata kama anakuja rais kukiona. Kitu chenye gurudumu sikiwashi mpaka gurudumu liwe hewani, na nikifungua kifaa narudisha kila kilichokuwamo kabla ya kutafuta kosa jingine. Kupungia watu mkono kabla kazi haijaisha, hilo nimeapa sitalirudia. Lakini mkiniuliza kama naona aibu, nitasema ninayo, iko mahali pake, na haijawahi kunizuia kuupita mlima ule nikiwa nimenyoosha shingo, kwa sababu wengi wameukwea kwa miguu na wengine wamesukumwa, na mimi niliupanda nimekaa.