Ami amtia moyo dada Nasra

Leo nimeona haya kwa niaba ya mtu mzima.

Dada yangu Nasra analipwa kushindana kwa baiskeli huko Ulaya, kwenye matope na mchanga. Pasipopitika, hushuka akaibeba begani na kukimbia nayo.

Amekuja Maskati likizo, basi ami, ndugu yake baba, akaalika wageni kwake, mtaa wa Mawaleh.

"Mimi ndiye niliyemtia moyo tangu mdogo," akawaambia.

Ami! Aliyeigawa baiskeli ya kwanza ya Nasra, eti majirani wanamtazama msichana akiendesha!

Dada akaendelea kunywa kahawa yake, kwa adabu.

Hapo Salma, binti wa ami mwenye miaka tisa, akauliza: "Baba, na mimi utaninunulia baiskeli?"

"Wewe mtoto wa kike. Nenda jikoni kwa mama yako."

Wageni wakacheka. Wallahi, wakacheka.

Nasra akaweka kikombe cha kahawa chini. "Ami, kesho asubuhi nakuja kumchukua Salma tukachague baiskeli. Wageni wote wamesikia unavyopenda kututia moyo."

Ami akawatupia wageni jicho.

"Inshallah," ami akasema, akitabasamu kwa meno tu.

Inshallah ile naijua: maana yake ni hapana. Imeniudhi kuliko uwongo wenyewe.

Kesho tutakuwa mlangoni kwake. Niambieni, mnadhani atatufungulia?