Karedio Kasiko na Upande wa Pili

Siku karedio kalipoletwa tulikuwa wanne sebuleni. Mimi, mkubwa wa nyumba kwa umri tu, maana nyumba ni ya mwanangu. Mke wa mwanangu, ambaye ananiita mama na mimi namwita mama, kwa sababu jina lake ni la mama yangu mzazi. Jirani yangu wa ukuta mmoja, mwanamke wa kanisa aliyerudi kutoka Masisi, mdomo mwingi, moyo mweupe. Na binti mkubwa wa mdogo wangu, aliyevuka asubuhi ile kutoka Goma na kikapu mkononi, kwa sababu mifuko ya plastiki wanaichukua pale barieri, mpakani. Majina yao yote ninayajua, na ya baba zao, na ya baba wa baba zao. Sitayaandika. Mtu anaweza kuonyeshwa bila kuitwa.

Wa tano hakuwapo, naye ndiye mwenye habari. Mdogo wangu mwenyewe, tumbo moja, ziwa moja. Aliolewa Goma na akazeekea huko. Kwa mama yetu tulikuwa tumebaki sisi wawili. Siku tuliyomwosha mama, kabla hata mikono haijakauka, tuliahidiana: atakayetangulia, mwenzake ndiye atakayemwosha. Si mwosha wa kuitwa, si mawifi. Dada kwa dada.

Na mdogo wangu alikuwa anaumwa tangu Ramadhani. Kwa hiyo mimi nyumbani nilikuwa na swali moja tu: anaumwa kiasi cha mimi kuvuka, au bado? Zamani nilikuwa navuka kama mtu anayekwenda kisimani. Siku hizi magoti hayataki, na huko ng'ambo kulikuwa kumechafuka, tulikuwa tunasikia milio ya bunduki mpaka huku kwetu Mbugangari. Watu wazima walikuwa wanaambiwa wabaki kwao.

Kabla yule binti hajakaa nikamuuliza, "Mama yako yuko vipi?"

"Anaendelea, mama mkubwa. Anakusalimia sana."

Alisema hivyo huku anaangalia kikapu. Akatoa kitu kimefungwa kwenye leso. "Amekuletea hii. Usikilize muziki, usiwe unakaa na mawazo."

Nilidhani ni sabuni. Kalikuwa kadogo kama kipande cha sabuni kilichotumika nusu, keusi, na kitundu chenye wavu mbele na taa moja ndogo. Nikakageuza. Hicho ndicho kitu cha kwanza nilichofanya, na wote walioona wanaweza kunishuhudia: nilikageuza kutafuta upande wa pili. Nyuma kulikuwa na mgongo tu na misumari minne midogo.

"Kanakula wapi?" nikauliza. "Kaseti inaingilia wapi?"

Binti akacheka kidogo. Akabonyeza pembeni kikatoka kidude chembamba kama ukucha wa dole gumba. "Nyimbo zimo humu, mama mkubwa. Nyingi."

Jirani yangu akakivuta karibu na macho. "Humu? Mi nakataa. Mutu iko na gitaa, iko na ngoma, iko na mudomo, atalala wapi humu ndani?"

"Hawalali, mama. Wanaimba."

"Bon. Waimbe tuone."

Kakaimba. Nitasema kweli, nilishtuka. Sauti ilikuwa kubwa kuliko kenyewe. Na wimbo wa kwanza ulikuwa ule tuliokuwa tunaucheza mimi na mdogo wangu jikoni tukiwa wasichana, baba akiwa msikitini, mlango tumeuegemeza gunia la mkaa. Hajausahau, nikajisemea. Mke wa mwanangu akaacha kufunga mzigo wake wa soko la Mahoko akasikiliza amesimama. Jirani akatikisa mabega. Binti wa mdogo wangu peke yake ndiye hakutikisika. Alikunywa chai nusu kikombe, akasema barieri siku hizi inafungwa mapema, akaondoka.

Sasa inabidi nieleze habari ya kaseti, maana bila hiyo hamtaelewa.

Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, na chuoni juzuu chache. Mdogo wangu hata hizo hakufika. Alipoolewa, barua zetu zilikuwa kaseti. Mume wake alikuwa na duka na mashine ya kunakili kaseti. Mdogo wangu anajaza kaseti nyimbo upande wa kwanza, anajaza upande wa pili, na kule mwisho kabisa, nyimbo zikishaisha, anaongea. Ujauzito anausema pale. Ugomvi na mawifi anausema pale. Na mimi namjibu vilevile. Wanaume wa barieri wakiikamata wanaijaribu mwanzo, wanasikia rumba, wanasema pita. Ukimwazima jirani anacheza, anachoka, anarudisha. Hakuna mtu anayefika mwisho wa upande wa pili isipokuwa mwenye kuutafuta. Miaka mingi ndivyo tulivyoishi. Simu zilipokuja tukaacha. Lakini simu si siri. Simu ya nyumba ya mdogo wangu inapokelewa na yeyote aliye karibu, inawekwa sauti ya nje, watoto, wakwe na wajukuu wote wanasikia. Mgonjwa atasema nini mbele ya watu wale? Atasema, naendelea.

Basi karedio kakakaa kwangu. Betri yake ilikuwa dhaifu, na umeme wa nyumba tunaununua kabla ya kuutumia, kwa hiyo sikupenda kukaacha kanywe umeme ovyo. Baada ya alasiri nilikuwa nakawasha, nyimbo nne zinapita, taa inakuwa nyekundu, nazima. Kesho nikiwasha kanaanza tena na ule wa jikoni. Kila siku ule wa jikoni kwanza, kisha tatu nyingine, zilezile. Kaseti ukiisimamisha katikati, kesho inaendelea pale ulipoiachia. Kale hakakujua pale nilipokaachia.

"Mudogo wako wamemuibia," jirani akasema. "Hao wenye kuuza kadi kule Birere ni wezi. Wanasema iko mia, wanatia ine."

"Nne zinanitosha."

"Zinakutosha we. Mi huyu mwanaume wa wimbo ya tatu nimemuchoka. Kila siku analia bibi alimukimbia. Sasa hata mi ningekimbia."

Tulicheka. Nasema tulicheka kwa sababu ni kweli, na kwa sababu wakati ule mdogo wangu alikuwa bado ananijua.

Akapiga simu siku moja. Sauti yake ilikuwa nyembamba, nyuma watoto wanapiga kelele.

"Dada, karedio kanaimba?"

"Kanaimba, mdogo wangu. Mungu akulipe. Kila siku baada ya alasiri."

"Unasikiliza?"

"Nasikiliza."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho. Zote sasa nazijua kwa moyo."

Nilisikia mtu anamwambia asogee. Kisha akasema, "Haya basi, dada."

Simu ikakatika. Nilimwambia ukweli niliokuwa nao. Nyimbo kwangu zilikuwa nne, na nilikuwa nazisikiliza zote nne. Nikarudi kupepeta maharage yangu. Nilifurahi hata, kwamba ana nguvu ya kuulizia muziki.

Siku kalipoongea mvua ilikuwa inanyesha ile ya kutoka mlimani, haina huruma na mtu. Mke wa mwanangu alikuwa amekachomeka ukutani kapate moto wa umeme, akasahau kukazima, akaenda Mahoko. Mimi na jirani tulikuwa mlangoni tunachambua maharage. Wimbo wa nne ukaisha, ukaja wa tano. Jirani akainua kichwa.

"Eh! Kumbe iko ingine!"

Zikaja, zikaja. Za zamani, za juzi, moja ya harusi, moja ya kanisa ambayo jirani aliimba nayo. Maharage yakaisha kuchambuliwa na sisi tumekaa tu. Halafu wimbo mmoja ukakatwa katikati, na baada yake ukaja ukimya wenye watu ndani, kama chumba mtu anapofunga mlango. Halafu kikohozi.

Kile kikohozi nilikijua kabla hajasema neno.

"Dada. Nimekuwekea mwisho, kama zamani. Watoto wengine sijawaambia. Daktari amesema hakuna la kufanya. Nimemkataza binti asiseme, aseme naendelea. Dada, njoo. Usingoje uitwe kuniosha. Kuniosha utaniosha, najua. Lakini njoo nikiwa bado nakujua, tukae kidogo. Kuna wakati akili inatoka inarudi. Njoo kabla haijazoea kutoka. Ukisikia haya nijibu tu kwenye simu kwamba umefika mwisho, nami nitajua unakuja. Njoo, dada."

Kisha kakarudi kwenye ule wa jikoni.

Jirani alikuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili. Baadaye akasema polepole, bila mchezo, "We ulimujibu. Mi nilikuwa hapa. Ulisema mupaka mwisho."

"Nilisema."

"Yesu wangu."

Barieri ilikuwa imeshafungwa. Kulipopambazuka tulivuka, mimi na mke wa mwanangu, yeye kanishika kiwiko. Karedio nilikuwa nimekafunga kwenye pindo la kanga kifuani. Kijana wa barieri akaona fundo.

"Bibi, umebeba nini hapo?"

"Redio."

"Iwashe."

Nikawasha. Akasikiliza mwanzo wa ule wa jikoni, akatabasamu. "Wimbo wa wazee. Pita, bibi."

Nikapita.

Mdogo wangu alikuwa chumba cha nyuma, kwenye godoro lililoshushwa chini. Alikuwa amekuwa mdogo kweli, kama wakati ule nilipokuwa namfunga mgongoni. Macho yake yakanitazama, yakatulia. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, nimewahi.

"Mama," akasema. "Umekuja."

Nikamwambia, "Ni mimi, dada yako."

"Dada hayupo. Dada alisikia yote, mama. Mpaka mwisho. Hakuja."

Nikamshika mkono. Nikamwambia tena mimi ni nani, nikataja jina langu, na lile jina la utoto analolijua yeye tu. Akanitazama kwa adabu, kama mtoto anavyomtazama mama yake anaposema jambo lisiloeleweka.

"Usimgombeze, mama," akasema. "Magoti yanamuuma."

Binti yake alikuwa amesimama mlangoni. Mke wa mwanangu akageukia ukuta. Nikamwambia mdogo wangu, "Simgombezi. Yuko njiani."

"Anakuja?"

"Anakuja, mwanangu. Ameshavuka."

Akafumba macho. Nilikaa naye mpaka alipoondoka, haikuwa muda mrefu, na kila alipofumbua macho nilikuwa mama. Aliniuliza habari za baba, habari za ile nyumba ya zamani, kama mbuzi wamefungwa. Nilimjibu zote. Mara moja tu nilikawasha karedio sikioni kwake, ule wa jikoni, nikidhani utanirudisha akilini mwake. Vidole vyake vilicheza juu ya shuka. Akaniambia, "Zima, mama. Baba atarudi."

Nilimwosha mimi. Mawifi zake walisema, wewe mzee, kaa, tuachie. Nikasema hapana. Walishika shuka na kumimina maji, lakini mkono uliopita juu yake ulikuwa wangu, kulia kwanza, kisha kushoto, maji ya vuguvugu, na yale ya mwisho yenye kafuri. Magoti yangu yalikuwa kwenye sakafu ya saruji muda wote ule na sikuyasikia. Ile ahadi tuliyopeana kwa mama imetimia, hakuna atakayesema haikutimia. Lakini kwenye karedio hakuniomba hiyo. Alisema mwenyewe, kuniosha utaniosha, najua.

Tulipomaliza, binti yake alinifuata uani nilipokuwa natawadha. "Mama mkubwa, nilidhani unajua. Nilimuuliza kama nikuambie utafute mwishoni. Akasema, dada hafundishwi hilo."

Sikumlaumu. Ni kweli sikuhitaji kufundishwa. Nilikageuza kale kadude siku ileile, mbele yake, nikatafuta. Hakakuwa na upande wa pili.

Karedio kako kwenye sanduku langu, pamoja na kanga za mama. Jirani husema nikatoe, kanaoza, betri inavimba. Namwambia kakae. Akija alasiri tunakaa tu, na yeye ambaye alikuwa amemchoka yule mwanaume wa wimbo wa tatu, siku nyingine namsikia anamwimba polepole huku anachambua mchicha.

Nimeandika kama ninavyokumbuka, na kukumbuka ndiyo kazi niliyobaki nayo. Mpangilio wa nyimbo baada ya ule wa nne sina hakika nao. Anayeujua aniambie, si kitu. Pengine mvua ile haikutoka mlimani. Hayo sawa. Lakini ninyi mliokuwa mmekaa naye siku ile ya simu, chumba kile, simu ikiwa sauti ya nje, nawaomba mnisahihishe jambo moja. Mimi nimeandika kwamba alisema, "Haya basi, dada," na kwamba simu ikakatika hapo. Kama alisema neno jingine baada ya hapo, hata dogo, hata kama si zuri kwangu, na mimi sikulisikia, njooni mniambie nimekosea.