Kumvi si wishwa: kosa langu la Itigi enzi za Mwingereza

Wakuu, heshima mbele. Walionizidi umri, kama bado wapo humu, shikamoo.

Nimesoma uzi unaodai kwamba kutunza ngozi kwa mpunga ni ugunduzi mpya wa ng'ambo, na unaoshauri watu "wapake pumba". Nimeudhika mara mbili. Jambo hilo si jipya, na neno hilo litawaumiza watu.

Ninayoyaeleza yalinikuta mwenyewe. Sitaongeza chumvi.

Chini ya utawala wa Mwingereza nilikuwa karani wa majaribio katika ofisi moja ya serikali, Itigi. Kiangazi cha kule hukausha hata wino kalamuni. Uso wangu ulipauka, ukatoa magamba.

Karani mkuu, mtu wa ulimi mkali, alinyanyua jalada akalipuliza.

"Kijana, unamwaga unga kwenye mafaili ya serikali. Jumatatu Bwana DC anakuja kuthibitisha makarani. Ukija na uso huo sikuingizi. Rudi kwenu ukalime mtama."

Nyumbani baba alikwishafariki, na wadogo zangu walinitegemea.

Niliishi kwa shangazi Zuhura, aliyewauzia vitumbua abiria wa treni. Mchele wake aliutwanga mwenyewe. Niliwahi kuwasikia wanawake kinuni wakisema pumba za mpunga hulainisha uso. Nikaona haya kuuliza mambo ya kike. Nikachota kwenye lundo la kwanza nililoliona, nikatia maji, nikajisugua kwa nguvu zote.

Damu ikatoka. Shangazi akanikuta hivyo hivyo.

"Yarabi! Umejisugua kumvi? Kwani wewe ni ukuta, unakandikwa?"

"Si mlisema pumba, shangazi?"

"Pumba zipi? Karani mzima, ungo huwezi kuusoma!"

Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akanifundisha, nami nanukuu kwa usahihi: pumba ni za aina mbili. Kumvi ni ganda gumu la nje, hilo ni la kuchomea matofali. Wishwa ni unga laini unaobaki mchele ukirudiwa kutwangwa.

Alinizuia kugusa uso mpaka mikwaruzo ikauke. Ndipo akachekecha wishwa, akaukoroga kwa maji ya vuguvugu, nikapaka taratibu na kusuuza. Nywele nazo nilizioshea huo huo, zikaacha kukatika.

Jumatatu sikuwa bwana harusi. Alama mbili zilionekana. Magamba hayakuwapo.

Karani mkuu alipitisha kidole juu ya jalada langu, akakitazama.

"Ingia."

Bwana DC hata hakuniangalia usoni. Alitazama mwandiko, akatia sahihi.

Mchana karani mkuu aliniuliza nilichopaka, nikamweleza. Jioni alinivuta kando: "Huo unga wenu, mke wangu anauomba."

Nilipomfikishia shangazi, akajibu: "Mwambie aje na ungo wake, atwange kwanza."

Nimetumikia serikali mbili, ya Mwingereza na ya uhuru, hadi kustaafu. Funzo langu ni dogo: kabla ya kupaka kitu, jua jina lake halisi, na usione haya kumuuliza anayekijua.

Jina la Zuhura halimo katika jalada lolote la utumishi wangu. Sasa limeandikwa hapa.

Kwenu wishwa mliuitaje, na nani aliwafundisha? Tajeni majina yao.